Bi mkubwa anaona wali wasiokuwepo, hospitali wanasema "makula". Naomba anayejua anieleweshe

Mwana wa Kitangari (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi ni fundi majokofu, nakaa Chikongola hapa Mtwara mjini. Bi mkubwa yuko kijijini upande wa Kitangari, Newala, ana miaka 73. Huyu ni mama ambaye msimu wa korosho majirani walikuwa wanamletea magunia awachambulie kabla ya kupeleka chama cha msingi. Korosho yenye doa, iliyosinyaa, iliyotobolewa na mdudu, yote alikuwa anaitupa pembeni huku anaendelea na hadithi yake, wala haangalii mara mbili. Msimu wa juzi nikaanza kuona anazipapasa kwa kidole gumba kwanza. Nikasema uzee huo.

Mwaka jana mwezi wa sita akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Wenzake waliofanyiwa siku ileile, mmoja sasa hivi anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Bi mkubwa yeye alifurahia rangi, akasema kumbe kanga zangu hazijafifia, macho ndiyo yaliyokuwa yamefifia. Ila katikati akasema pana kitu kama moshi, hakiondoki. Tukaenda kununua miwani. Haikusaidia. Tukarudi duka lilelile tukauziwa nyingine, na ya tatu. Duka silitaji, hela zimeshaliwa.

Septemba nilimwekea mlango mpya. Fundi kamaliza kufunga fremu, bi mkubwa katoka uani, kasimama, kasema fremu imepinda. Fundi anabisha. Mama anasema imevimba katikati kama nyoka aliyemeza panya. Fundi kaleta pima maji, kaleta na timazi, fremu imenyooka haina hata nywele ya kosa. Tukacheka. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, mpaka nikakaa chini.

Mambo mengine: akinitazama ananitazama sikioni. Nikisimama mbele yake kimya anauliza "nani wewe?", lakini kuku akipita ubavuni anakwambia huyo ni wa mama fulani, mfukuze. Mwezi uliopita kampa kijana wa bodaboda noti ya elfu kumi akidhani ni elfu mbili. Kijana ni wa ukoo, akairudisha.

Sasa lililonileta hapa. Wiki mbili zilizopita mdogo wangu wa kike alimkuta jioni kakaa barazani anaongea polepole, anasema "kaeni vizuri, mtoto wa kike hakai hivyo." Hakuna mtu. Kumbana sana ndipo akasema anaona wali. Mabinti wadogo, wafupi kuliko kawaida, wamejifunga kanga mpya na vilemba, wamekaa mstari chini ya mkorosho. Hawasemi kitu. Wanakuja jua likianza kuzama, wanakaa kidogo, wanapotea. Kumbe ni tangu Novemba, alikuwa anaficha asije akaambiwa ana kichaa.

Mjue kwamba mama yangu ni nyakanga, yaani kungwi mkuu wa unyago. Amewacheza mabinti wa kijiji kile zaidi ya miaka thelathini. Kwa hiyo mjomba aliposikia hakusita: hao ni wa kale, wanadai kitu, apelekwe kwa mganga upande wa ng'ambo ya mto. Na kwetu mjomba akishasema, amesema.

Mimi nikamtoa kijijini kwa kisingizio cha sherehe, nikampeleka kwa daktari. Daktari akaangalia, akasema kioo alichowekewa ni kizuri kabisa, shida iko nyuma ya jicho, "makula imechoka, ni umri." Foleni ilikuwa ndefu, sikuuliza zaidi, na ya wali nikaona aibu kuyataja.

Ninachouliza: hii makula ni kitu gani? Wali wanahusiana nayo au ni kweli mjomba ana hoja? Kuna tiba au ndiyo basi? Na la mwisho la ubinafsi kidogo, mimi nina miaka 44, nami litanipata?

Kipara wa Mikindani

Pole mkuu. Hayo ni majini ya ukoo, tena ya unyago ndiyo wagumu. Tafuta shehe mtu mzima amsomee siku saba. Macho yatakaa sawa yenyewe.

Dogo wa Shangani

Mimi kichwa cha habari nilidhani bi mkubwa anaona wali wa nazi. Samahani mkuu, pole sana.

Tiba ya Mababu Original

Dawa ya matone ya asili inasafisha mtoto wa jicho, presha ya macho na makula ndani ya siku 14, hakuna upasuaji. Njoo PM.

Dogo wa Shangani

Wasimamizi futeni hilo tangazo. Babu yetu mdogo aliwekewa utomvu wa mti kwenye jicho, jicho likawa jeupe kama yai lililochemshwa. Alikuwa anaona vizuri tu kabla ya hapo, alikuwa anawashwa.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, marahaba ya shikamoo ambayo hukunipa. Nimefanya kazi ya uuguzi wa macho miaka 31, Mtwara na Lindi, sasa napalilia mihogo. Nimesoma uzi wako mara mbili na kuna sehemu imenifanya niache jembe. Nitaifikia.

Kwanza jicho. Mwanga unapita mbele kwenye kioo, yaani lenzi, ndicho alichobadilishiwa mama. Ukishapita unaangukia kwenye utando wa nyuma uitwao retina. Katikati ya retina kuna sehemu ndogo, upana wake kama milimita 5, ndiyo makula. Udogo huo usikudanganye. Kusoma, kutambua sura ya mtu, kutunga uzi, kujua noti hii ni ya elfu kumi na hii ya elfu mbili, kuona doa kwenye korosho, vyote ni kazi yake. Sehemu iliyobaki ya retina inaona ubavuni: umbo, mwendo, kuku anayepita. Ndiyo maana mama anamjua kuku na hakujui wewe uliyesimama mbele yake. Na ndiyo maana anakutazama sikioni! Amejifundisha mwenyewe kukwepesha sehemu iliyokufa na kutumia iliyo hai. Wapo wataalamu wanaowafundisha wagonjwa jambo hilohilo. Usimwambie "nitazame usoni". Mwache na sikio lako.

Ugonjwa wenyewe ni kuchakaa kwa makula kwa sababu ya umri. Kwa kawaida huanza baada ya miaka 50 na kadiri umri unavyopanda ndivyo unavyowapata wengi. Kioo kipya hakiwezi kuuponya, kama vile kubadili dirisha hakuponyi ukuta. Wanaokwambia upasuaji wa mtoto wa jicho ulikosewa wanamwonea aliyefanya.

Uko wa aina mbili na hapa nataka usome polepole.

Aina kavu ndiyo ya walio wengi, kati ya wagonjwa kumi karibu tisa. Chini ya retina hujikusanya uchafu wa rangi ya manjano, unaitwa druseni, na chembe zinazoilisha retina huchoka na kufa kidogo kidogo. Inakwenda taratibu, miaka. Mtu anaona kama moshi, anataka taa kali zaidi, sura za watu zinafutika.

Aina ya maji ni ya wachache lakini ndiyo mwizi mkubwa. Mishipa midogo ya damu inaota chini ya retina mahali isipotakiwa. Mishipa yenyewe dhaifu, inavuja maji na damu, retina inanyanyuka. Umewahi kutandika mkeka juu ya mzizi wa mkorosho? Mistari ya mkeka inapanda pale na kushuka. Sasa picha ikiangukia kwenye retina iliyonyanyuka hivyo, kitu kilichonyooka kinaonekana kimepinda.

Mwanangu, ule mlango. Mama yako alikuwa anakupa dalili ambayo vitabu vyote vya macho vinaiandika, na fundi akamletea timazi. Sikulaumu, hata wauguzi huipita. Lakini aina ya maji inahesabiwa kwa siku na wiki, na tangu Septemba ni miezi. Usisubiri kumaliza uzi huu.

Fanya hivi leo. Tafuta karatasi ya mirabamiraba, ile ya daftari la hesabu. Chora mraba wa sentimita 10 kwa 10, vyumba vyake viwe vya nusu sentimita, katikati weka nukta nyeusi iliyokolea. Ni kipimo cha daktari wa Uswisi aliyeitwa Marc Amsler, na mpaka leo kinatumika kwa sababu hakihitaji umeme wala bei. Mama avae miwani yake ya kusomea kama anayo, akae penye mwanga, karatasi iwe sentimita 30 hivi kutoka usoni. Afunike jicho moja kwa kiganja, atazame nukta tu, asizungushe jicho. Muulize: mistari imenyooka yote? Kuna chumba kilichofutika? Kisha jicho la pili. Watu wanakosea hapo, wanapima macho yote mawili kwa pamoja, jicho zima linalificha bovu na kila mtu anakwenda kulala kwa amani.

Mstari ukipinda, kesho asubuhi uko hospitali. Anzia Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, uliza daktari wa macho anakaa siku gani, umwambie neno moja: "mistari inapinda." Akiwekewa matone ya kupanua mboni na kuona maji au damu, atakupa rufaa.

Wali. Nimewaacha nyuma kwa sababu si wa kutisha. Mwaka 1760 mwanazuoni mmoja wa Geneva, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake, mzee mwenye akili timamu kabisa aliyekuwa amefifiwa na macho. Mzee yule alikuwa anaona wanaume na wanawake waliovaa vizuri, ndege, magari ya farasi, majengo, na hakuna hata kimoja kilichokuwepo. Hali hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina la Bonnet. Ubongo umezoea kupokea picha toka asubuhi hadi usiku. Picha zikipungua, unatengeneza za kwake, kutoka kwenye ghala lake. Baadhi huona watu wadogo, mara nyingi wamevaa mavazi ya sherehe, vichwani wana kitu. Huwa kimya. Huja zaidi mwanga unapofifia. Sasa mama yako ni nyakanga wa miaka thelathini, ulitaka ubongo wake utoe nini ghalani, treni?

Alama za kuangalia: mwenye hali hii hasikii sauti, hanusi, haguswi, na akiambiwa hawapo anakubali. Akianza kusikia sauti, kusahau njia, kuweweseka au kuwa na homa, hilo ni jingine na daktari alijue. Kama ni hao wakimya tu, washa taa, apepese macho, atazame kulia na kushoto haraka mara kadhaa, au anyooshe mkono kuwagusa. Mara nyingi huondoka. Kwa wengi hupungua muda unavyokwenda. Na mwambie mama kwa mdomo wako kwamba si kichaa. Nimewaona wazee waliokaa na siri hii mpaka wakakonda.

Bwana Shamba Tandahimba

Nesi ahsante kwa darasa. Swali la uwanjani: si salfa hii? Kila mwaka tunapuliza mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na akina mama wanashinda humo bila miwani ya kinga wala kitambaa. Nimewaona wanatoka macho mekundu kama pilipili. Kuna mtu wa serikali ya kijiji aliniambia salfa ndiyo inapofua wazee wa Newala na Tandahimba.

Nesi Mstaafu

Bwana shamba, salfa inawasha mbele ya jicho: konea, kope, ule utando mweupe. Anayepulizia avae miwani ya kinga, na ikimwingia aoshe kwa maji mengi safi, asitumie maziwa. Makula iko nyuma kabisa na ugonjwa wake hautokani na vumbi la salfa. Ukiwaambia wazee ni salfa, wataacha kuja kupimwa, watasubiri msimu wa kupuliza uishe wapone.

Kinachojulikana kuuongeza ni umri, urithi na sigara. Kati ya hivyo vitatu sigara ndiyo pekee unayoweza kuizima. Presha isiyotunzwa nayo haisaidii. Ndugu mwenye uzi umeuliza kama litakupata: kuwa na mzazi mwenye ugonjwa huu kunaongeza uwezekano, hakuufanyi uhakika. Hukutuambia kama unavuta.

Dogo wa Shangani

Na simu je? Nakaa nayo mpaka saa nane usiku.

Nesi Mstaafu

Simu itakukausha macho na kukunyima usingizi. Haijaonyeshwa kwamba inaua makula. Lala.

Mzee wa Mingoyo

Nachangia kwa yaliyonikuta, mimi si daktari. Marehemu mzee wangu (alifariki kwa jambo lingine kabisa) alipata hii aina ya maji, jicho la kushoto. Yeye aliona nguzo za umeme za barabara ya kwenda Mtama zimekatika kiuno. Tulimpeleka Dar es Salaam, wakampiga picha kwa mashine inayochora matabaka ya retina kama mtu aliyekata keki, haina maumivu, anaweka kidevu tu. Wakasema achomwe sindano ndani ya jicho.

Mzee alinyanyuka akataka kuondoka. Mtu aliyezaliwa kabla ya uhuru, amechomwa chanjo, amekatwa kidole na panga, sindano ya jicho akasema hapana. Daktari akamweleza kwa upole. Wanatia matone ya ganzi, wanasafisha kwa dawa ya kahawia ya aidini (hiyo ndiyo inawasha kuliko yote), wanashikilia kope kwa kifaa asipepese, sindano nyembamba inaingia kwenye weupe pembeni, si kwenye mboni. Sekunde. Mzee akatoka akasema "wamenichoma lini?" Siku hiyo aliona vitone vyeusi vinaelea na weupe ukawa na alama ya damu, vikaisha. Tuliambiwa tukiona maumivu makali, wekundu unaozidi au giza, turudi saa hiyohiyo, kwa sababu mara chache vijidudu huingia.

Dawa yenyewe inazima kile kinachoiamuru mishipa kuota. Alichomwa bevacizumab. Nikauliza maana nilisoma karatasi nikaona imeandikwa ya saratani ya utumbo! Daktari akasema ni kweli, ilianzia huko, na chupa moja inagawanywa vipimo vidogo vingi vya macho, ndiyo maana gharama yake iko chini sana kuliko zile zilizotengenezwa kwa ajili ya jicho. Wamarekani walizishindanisha, majibu yalitoka 2011, ikaonekana kwa kulinda uwezo wa kuona inakwenda sambamba na ile ya bei kubwa.

Tatizo la sindano hii ni kwamba huchomwi mara moja ukamaliza. Mwanzo kila mwezi, tatu mfululizo, kisha wanaangalia, wanasogeza. Kutoka Lindi kwenda Dar na kurudi, nauli ya watu wawili, kulala, kula. Sisi tuliuza mbuzi, halafu tukakopa. Mara moja tuliruka miezi miwili kwa ajili ya mvua na hela, jicho likashuka na halikupanda tena. Bei sikutajii, zinabadilika, nenda kaulize. Mzee wa zaidi ya miaka 60 uliza pia utaratibu wa msamaha, beba barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho kabla hujapanda basi, usije ukarudishwa kwa karatasi.

Binti Ming'oko

Nesi, kuna vidonge vya macho duka moja la dawa mjini, vya luteini, kopo bei ya nusu gunia. Nimnunulie bibi? Na karoti?

Nesi Mstaafu

Inategemea bibi yuko hatua gani. Vidonge hivyo vilipimwa Marekani kwenye utafiti mkubwa uliotoa majibu 2001: vitamini C, vitamini E, zinki nyingi na shaba kidogo, pamoja na betakarotini, ile ya rangi ya karoti. Kwa wenye hatua ya kati vilipunguza uwezekano wa kufika hatua mbaya kwa karibu robo, ndani ya miaka mitano. Kwa asiyeugua havikuzuia kuanza. Utafiti wa pili wa 2013 ukatoa betakarotini ukaweka luteini miligramu 10 na zeazantini miligramu 2, kwa sababu betakarotini nyingi ya vidonge inaongeza saratani ya mapafu kwa wavuta sigara. Kwa hiyo kwanza apimwe, daktari aseme yuko hatua ya kati, ndipo ufungue pochi. Nawe usome kopo: mengi yanayouzwa yameandikwa "macho" kwa herufi kubwa na ndani yake hamna vipimo hivyo.

Karoti inasaidia asiyepata vitamini A. Haigusi ugonjwa huu. Luteini imo kwenye majani ya kijani yaliyokolea, na kwetu hayo ndiyo chakula: mchicha, matembele, majani ya maboga, kisamvu. Imo kwenye kiini cha yai na mahindi ya njano. Tia na samaki. Nashangaa sana mtu wa Mtwara akiuza samaki na mboga zake anunue kopo.

Mwana wa Kitangari

Wakuu nimerudi, ni siku ya 19. Nesi, shikamoo. Ile ya mwanzo nilikosa adabu.

Usiku uleule nilichora karatasi. Bi mkubwa alikuwa kwangu bado. Jicho la kulia, lile lililofanyiwa upasuaji, akasema nukta haioni kabisa, kuna moshi, ila mistari ya pembeni imenyooka. Jicho la kushoto akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mlango wako huu hapa."

Asubuhi tulikuwa hospitali. Daktari niliyemkuta nilimwambia lile neno moja, akaacha kuandika. Akampanua mboni, akaona damu kidogo nyuma jicho la kushoto. Rufaa ya Dar.

Tulipanda basi la alfajiri. Bi mkubwa akataka kiti cha upande wa njia, si cha dirishani, anasema dirishani vitu vinampita mbele ambako haoni, akikaa njiani anaviona kwa pembeni. Tulipofika Daraja la Mkapa nikamwambia mama, Rufiji hiyo. Akageuza uso upande wa dereva, akasema "naiona, imejaa." Na kweli ilikuwa imejaa.

Kulia ni aina kavu iliyofika mbali. Nikauliza kama hakuna kitu, daktari akasema Marekani mwaka 2023 zimeruhusiwa sindano mbili za kupunguza mwendo wa hiyo kavu, lakini hazirudishi kilichopotea, tusizifikirie. Kushoto ni ya maji, na kuna sehemu imeshaanza kuwa kovu. Hapo daktari alipouliza "aliona mabadiliko lini?" nikasema Septemba, sikumtazama. Kachomwa ya kwanza. Lengo ni kushika kilichobaki, kikipanda kidogo tushukuru. Tunarudi baada ya wiki nne. Msamaha tulipewa kwa sehemu, barua ya mtaa ilisaidia, Mzee wa Mingoyo ubarikiwe.

Nyumbani tumebadilisha mambo. Uji mweupe kwenye kikombe cha bluu, chai kwenye kikombe cheupe. Taa yenye shingo karibu na mkeka wake. Ukingo wa ngazi nimepiga rangi ya njano. Elfu kumi anaikunja mara mbili, elfu tano mara moja, elfu mbili haikunji. Korosho anachambua kwa gumba, polepole, na msimu ujao watoto watapitia nyuma yake bila kumwambia.

Nesi umeuliza kama navuta. Nusu paketi. Sasa hivi ni mbili kwa siku, usiniandame.

Mjomba tumemaliza naye. Sikumwambia habari za ubongo, nilimwambia daktari kasema macho yanavuja damu. Damu akaielewa.

Kipara wa Mikindani

Mimi bado nasema asomewe. Kusomewa hakuzuii sindano.

Nesi Mstaafu

Hapo tumekubaliana. Ila matone ya yule wa PM, hapana. Na wiki nne ni wiki nne, mwanangu, usiniambie bati la jirani limeezuliwa.

Mzee wa Mingoyo

Na wali je? Wameondoka?

Mwana wa Kitangari

Bado wanakuja, siku moja moja. Akiwasha taa wanaondoka, lakini nimemkuta mara mbili kakaa gizani makusudi. Nilimsimulia habari za yule mzee wa Geneva, magari ya farasi, watu wamevaa vizuri, ndege. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Hao wa kwake walikuwa wanakaa chini au wanazurura?" Nikamwambia nadhani walikuwa wanapita tu, wanatoka mlango huu wanaingia ule. Akasema, "Hawakufundwa hao."